Nyavu Nyeusi za Maviani

Nilipiga kelele kwenye matanga ya Mama Mbithe, na watu wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini sio ulionipigisha kelele. Nilikuwa nimetumwa jikoni kwake, kule mlimani juu ya mji wa Wote, nikaangalie kama muthokoi wa wageni, yale mahindi ya kukobolewa, umeiva. Kuingia tu, namkuta mjukuu wake mmoja, msichana wa shule, amechuchumaa na konzi ya jivu mkono huu na tonge la katani mkono ule, ameuteremsha wavu wa chuma uliokuwa ukining'inia juu ya mafiga, na ndio anataka kuanza kuusugua. Wavu wenyewe ulikuwa mweusi tititi kwa moshi wa miaka. "Wacha!" nikasema. "Wewe msichana, wacha! Usiuguse hata kidogo!" Jivu likamwagika, sufuria ikaanguka, akina mama wakaja mbio kutoka nje. Mmoja akasema, "Mshikeni, ataanguka." Mimi nianguke! Magoti yangu ndiyo mabovu, kichwa ni kizima. Nikawaambia waniletee kigoda, nikaketi pale pale kwenye moshi na ule wavu mapajani, nikapapasa upau wake wa juu mpaka nikapata masikio mawili ya kuning'inizia. Ulikuwa wenyewe. Wanawake wakatazamana, wakarudi kwa sufuria zao, wakaniacha nilivyo.

Kuna mambo ukimweleza mtu leo anadhani unaota. Nikisema kwamba huku Ukambani palikuwa na kibanda cha mabati ambamo shaba ilitengenezwa kwa maji na umeme, na watengenezaji ni wanawake wenye vyondo mapajani, wajukuu wangu hucheka mpaka wanashika mbavu. Lakini nilikuwako! Habari za nani alinizaa na tulilelewa wangapi nyumbani nawaachia wengine. Mwaka ninaoutaka unaanza siku niliposhuka Maviani. Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya njaa ile ambayo mtu alikuwa na pesa mkononi na hakuna unga wa kununua. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza shule, nimezoea ukungu wa Nunguni ambako tunavaa sweta hata saa sita ya mchana. Maviani ni upande wa Kitui wa mto Athi, mahali pa mawe, kama jina lenyewe linavyosema kwa Kikamba, na jua la huko hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Wenyeji walinicheka siku ya kwanza. "Nyinyi watu wa Makueni ni watu wa machungwa," mmoja akaniambia. "Utarudi kwenu kabla sweta haijakauka jasho." Nikamwambia tutaona. Mimi mtu akinicheka ndipo ninapopata nguvu.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Kioko, Mkamba mwenzetu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba kule Zambia. Alirudi nyumbani, akaona mawe ya kijani kwenye kilima cha Maviani, mawe ambayo watoto walikuwa wakirushia ndege, akapiga magoti pale pale akayalamba! Haki ya Mungu, aliyalamba. Watu wakasema Zambia imemharibu. Basi akauza ng'ombe, akauza na shamba, akajenga kibanda. Na mimi alipojua nimesoma fizikia kidogo, alinipa kazi ya kuangalia matangi yenyewe, nikawa mimi ndiye mtu wa mita ya umeme. Alinieleza kazi yote siku moja, tukitembea, na kila neno lake nililiweka kichwani kama mtu anayeweka sukari kwenye kopo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mawe ya kijani yanapondwa, yanamwagiwa maji yenye asidi, na maji yanatoka upande wa pili yakiwa ya buluu, buluu ambayo sijawahi kuiona tena hata kwenye shuka ya kanisa. Ile buluu ni shaba iliyoyeyuka. Maji hayo yanaingia kwenye matangi. Ndani ya tangi unaning'iniza mabati mawili ya aina mbili, moja hapa, lingine pale, unapitisha umeme. Bati moja linaingiza umeme majini, na hilo wasomi huliita anodi. Lingine linaupokea, na shaba huja kuligandia, polepole, usiku na mchana, hadi inakuwa shiti nzima unayoibandua kama ganda la ugali kwenye sufuria. Basi! Hakuna moto, hakuna moshi ila ule wa jenereta. Ndani ya kibanda kulikuwa na harufu ya kukwaruza koo, na matone madogo madogo yaliyorukaruka kutoka majini yakatutoboa nguo. Magauni yetu yote yalikuwa na vitundu kama chujio la chai. Kila asubuhi tulipewa maziwa kwa vikombe vya bati, ati yanalinda kifua. Kama yanalinda sijui, lakini yalikuwa maziwa mazuri.

Na tulikula! Saa saba jenereta ikiendelea kunguruma tulikaa nyuma ya kibanda, muthokoi na mbaazi kwenye sinia moja, wanawake wanane au tisa, na Mama Mbithe ndiye aliyepakua. Huyu Mama Mbithe alikuwa mkubwa wetu, shemasi kanisani, mwanamke wa mikono mipana, na kazi yake kiwandani ilikuwa usafi. Lakini kusema usafi ni kumpunguzia. Kwake uchafu ulikuwa adui wa Mungu. Sufuria zake ungeweza kujitazama na kusuka nywele. Alikuwa na jivu lake maalum, la mti fulani hakutuambia upi, na mchanga wa mto aliouchekecha mwenyewe, na katani aliyoipiga ikawa laini, na akishika chombo huwezi kumnyang'anya mpaka king'ae. Tulimtania kwamba akifika mbinguni atamwomba Petro ampe jivu asugue lile lango. Naye alijibu, "Na wewe Kalunde nitakukuta hapo nje, unangoja likauke." Kalunde ni mimi.

Shida yetu ilikuwa risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyo ndani ya betri za gari. Anodi zetu za kwanza zilikuwa mabati ya risasi. Nzito, watu wawili kuinua moja, na zilipinda kama zimechoka. Baya zaidi, zilimomonyoka. Vigamba vyake viliingia majini na kunaswa ndani ya shaba yetu, na shaba yenye risasi haifai kuvutwa waya. Siku moja tukiwa kwenye sinia tukasikia sauti ofisini kwa Bwana Kioko, na ofisi ilikuwa ni ukuta wa bati tu, ukikohoa huku unasikika kule. Alikuwa amekuja mnunuzi wetu, mtu wa kiwanda cha nyaya huko barabara ya Mombasa. Sisi tulimwita Bwana Nyaya. "Kioko, nimekuvumilia," tukamsikia anasema. "Mara hii ya pili waya unakatikia mashineni. Nitakuja mara moja tena. Nikipata risasi tena, sitanunua, na usinilaumu." Bwana Kioko akasema, "Usiponunua, mimi nafunga. Sina pa kwenda." Mikono yote ikasimama kwenye sinia. Tulikuwa na watu kama thelathini pale Maviani, na baada ya ile njaa kila mmoja alikuwa na nyumba nzima nyuma yake. Nilikuwa nimeipenda ile kazi, naomba niseme wazi, niliipenda kuliko mvulana yeyote aliyewahi kuniandikia. Mama Mbithe ndiye aliyesema, "Kuleni. Chakula hakina hatia."

Bwana Kioko hakufunga. Alipotea kidogo, akarudi na lori na kreti moja ya mbao, anaruka ruka kama kijana aliyekubaliwa uchumba. "Njooni! Njooni nyote!" Tukaja. "Humu ndani," akasema, akipiga kreti kofi, "kuna anodi mpya. Zimepakwa madini ya thamani kuliko dhahabu! Nimesema kuliko dhahabu! Hii haimomonyoki, haiingii kwenye shaba, inadumu miaka." Woi! Tukasogea, shingo zimerefuka. Mimi na Mama Mbithe tukaambiwa tuinue ya kwanza, tukajikaza kiuno kama kwa zile za risasi, tukavuta, nusura tuanguke chali! Nyepesi! Ilikuwa wavu wa chuma cha titani, kama wavu wa dirisha, nyepesi hata mtoto angeubeba. Na nyeusi. Nyeusi kama tako la sufuria. Tukazitoa zote na hakuna hata moja iliyong'aa. Mama mmoja akanong'ona, "Wamemwibia mzee wa watu." Mama Mbithe alipitisha kidole juu ya wavu, akakiangalia kidole, akatikisa kichwa. Nilimwona, na nilijua anachofikiri kwa sababu hata mimi nilifikiri hivyo: dhahabu iko, ila imefunikwa na masizi ya safari. Bwana Kioko hakutueleza zaidi. Alikuwa na furaha nyingi mno asiweze kusimama, akaenda kuzungusha jenereta.

Mnataka kujua furaha ni nini? Subirini mtu awashe umeme kwenye nyavu kama zile kwa mara ya kwanza. Kwanza jenereta ikapumua, mlio ukalainika, kama punda aliyetuliwa mzigo. Nikatazama mita, kazi ile ile kwa nguvu kidogo kuliko zamani. Halafu majini, Asi! Mapovu! Kwenye kila wavu mweusi mapovu madogo yakapanda kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, sawasawa, mstari baada ya mstari. Tulikaa pale tukitazama povu kama watu wanaotazama arusi. Na tulipobandua shiti ya kwanza, ilikuwa ya waridi. Laini, ya waridi, kama ulimi wa ndama. Zile za zamani zilikuwa na chunusi na madoa ya kijivu. Nilimkumbatia Bwana Kioko, tajiri wangu, mbele ya watu, naye akanikumbatia, halafu tukaachiana haraka tukaanza kukohoa kwa aibu. Habari ikatumwa kwa Bwana Nyaya aje achukue shiti za kupima. Akajibu atakuja Jumanne.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, lakini huku kwetu mgeni akija mwenyeji kwanza huumwa mgongo kwa kufagia. Bwana Kioko alitangaza Jumamosi ni siku ya usafi. Shiti zote tulizokuwa tumebandua zilikuwa za majaribio, ndogo ndogo, kwa hiyo mpango ulikuwa Jumamosi jioni tuwashe matangi yote ili Jumanne tumpe shiti nene, nzima. Jenereta ikazimwa, nyavu zikatolewa, zikaoshwa kwa maji tu, zikaegemezwa ukutani. "Zisiguswe," Bwana Kioko akasema, lakini alisema huku anaingia kwenye lori, na neno lililosemwa mlangoni mwa lori nusu yake hubaki ndani. Tulikwenda naye Wote kutafuta dizeli, mimi wa kushika mapipa. Njiani alinisimulia jinsi atakavyoongeza matangi, na mimi nitakuwa mkubwa wa kibanda cha pili. Nilirudi nimeshapaka rangi kibanda hicho kichwani.

Tulisikia nyimbo kabla hatujaona kitu. Akina mama walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa, sauti tatu, ile ya chini Mama Mbithe mwenyewe. Tukapinda kona, na jua la alasiri likatupiga machoni, kwa sababu kwenye majani mbele ya kibanda zilikuwa zimepangwa nyavu, moja baada ya nyingine, ziking'aa. Ziking'aa! Nyeupe kama fedha. Mama Mbithe akasimama katikati, mikono imejaa jivu hadi viwiko, gauni limelowa, uso wote ni meno. "Bwana Kioko!" akaita. "Njoo uone! Tumeitoa dhahabu yako! Masizi yamekwisha yote. Huyo mgeni wako akija atavaa miwani ya jua!" Na wenzake wakapiga vigelegele.

Bwana Kioko alishuka kwenye lori, akatembea mpaka kwenye wavu wa kwanza, akaushika, akaugeuza. Halafu akaketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kwenda mjini. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Nilifikiri atapiga mtu. Aliinua uso, na hakuna hasira hata kidogo pale, kitu kilichokuwepo kilikuwa kibaya kuliko hasira. "Mama," akasema polepole, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Ile nyeusi ndiyo ilikuwa mali yenyewe. Hiyo nyeusi ndiyo iliyopakwa. Huku chini ni titani tu." Mama Mbithe hakuelewa mara moja. Alitazama mikono yake. Alitazama beseni, na maji ya beseni yalikuwa meusi kama wino, ile thamani kuliko dhahabu imeelea na jivu. Akaelewa. Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile. Alijifunika uso na leso, na wenzake wakamzunguka, na mmoja akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki," nami nikamwambia afunge mdomo.

Mimi sikulia. Nitasema ukweli, nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu hata mimi ningeachwa pale na jivu ningesugua. Nikasema, "Tuziwashe tuone." Bwana Kioko akasema hakuna cha kuona. "Titani ikiwa uchi majini hujivalisha ngozi, umeme haupiti. Najua." Nikamwambia anajua, lakini mimi sijui, na dizeli tumeshanunua. Tukaziingiza zote, tukawasha. Mwanzo mapovu machache, kisha yakapungua, yakapungua, kama watu wanaoondoka sokoni. Nikafanya nilivyofundishwa, nikapitisha mgongo wa mkono juu ya kila upau, kama unavyopima homa ya mtoto, kwa sababu upau unaopitisha umeme huwa na joto. Baridi. Baridi. Baridi. Nikafika mwisho wa tangi, nikasimama. Vuguvugu! Nikarudia, wa pili wake vuguvugu, wa tatu, wa nne. "Bwana Kioko!" nikapiga kelele. "Hizi za mwisho ziko hai!" Tukauvuta mmoja juu, maji yanatiririka, na upande wa mbele uling'aa, lakini nyuma, nyuma palikuwa peusi!

Nilikimbia nje nikamshika Mama Mbithe mabega. "Mwaitu, mama, hizi za mwisho mlisuguaje?" Akanitazama kama mfu. "Mikono ilichoka," akasema. "Za mwisho tulisugua mbele tu, upande wa kuonekana na mgeni. Nisamehe, mwanangu, nilitaka kumalizia Jumatatu." Nikacheka! Nilicheka mpaka yeye akafikiri nimerukwa na akili. Mnajua maduka yetu ya sokoni, yamepakwa rangi mbele tu na kando ni matofali? Basi uvivu huo huo wa rangi ya mbele ndio uliotuokoa. Mwanamke ambaye hakuwahi kuacha chombo nusu, siku hiyo moja aliacha nne nusu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia Bwana Kioko tuchukue tangi dogo, tuziweke zile nne mbili mbili, nyuso nyeusi zitazamane, na katikati ya kila jozi tuning'inize bati moja la kupokea shaba. Alibisha, ati shiti mbili tu, mgeni atacheka. Nikasema acheke, mradi apime. Akakuna kichwa, akatembea akienda akirudi, halafu akaja na wazo lake, tupunguze umeme, shaba ije taratibu ili iwe laini. Tukabishana mita iwe wapi, tukafokeana kama mume na mke, tukawasha. Mapovu yakapanda kwenye nyuso nyeusi peke yake. Tukapokezana kulinda lile tangi kama mgonjwa. Na Jumapili, ibada ilipokwisha, Mama Mbithe akaja moja kwa moja kutoka kanisani na sare yake ya shemasi, nyeupe pepepe, kitambaa kichwani, akaweka kigoda kando ya tangi akaketi. Tukamwambia asidi itamla nguo. "Iache ile," akasema. Alisuka kiondo mpaka Jumatatu, na kila jenereta ilipokohoa alisimama. Sare ile ikatoboka mbele yote, na kwa mwanamke yule, niamini, ilikuwa ni kama kujitoboa ngozi.

Jumanne Bwana Nyaya alikuja. Zile nyavu nyingine zilizong'aa tulikuwa tumeziegemeza ukutani, akazisifu. "Hizi ni nini? Nzuri sana." Bwana Kioko akajibu, "Hizo ni za mapambo," na mimi nikaingia nyuma ya jenereta nikacheka ndani ya leso. Tukambandulia shiti mbele yake. Ya waridi! Akaikunja pembe, akaikunjua, akaigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. "Mbili tu?" akauliza. "Mbili," Bwana Kioko akasema. "Pima hizo." Akazifunga kwenye gunia, akaondoka.

Basi tukakaa. Nyinyi wa simu mkononi hamjui kukaa ni nini. Hakuna habari iliyokuja wiki ile, wala iliyofuata. Maziwa yaliendelea kuja na hakuna aliyeyaona utamu. Mama Mbithe alikonda. Aliacha kusugua hata sufuria ya chai, ikaanza kuwa nyeusi, na hakuna aliyethubutu kumtania. Halafu asubuhi moja tukaona vumbi ng'ambo, kisha lori linashuka. Mlinzi wetu akapanda juu ya jiwe akakinga jua na mkono. "Ni lori la nyaya!" Tukasimama. "Limebeba nini?" nikapiga kelele. Kama anaturudishia shiti zetu, tumekwisha. Mlinzi akakawia, Mungu amsamehe alivyokawia. "Tupu!" akasema. "Lori tupu! Halina kitu!" Mtu haleti lori tupu ila kuja kulijaza! Tulirukaruka, tuliimba, Bwana Kioko alivua kofia akairusha kwenye tangi la asidi, na mpaka leo nadhani hakuiona tena. Dereva akashuka akashangaa, tulimbeba juu juu. "Nimeambiwa nichukue yote mtakayotengeneza," akasema, huku miguu yake iko hewani.

Zile nyavu zilizosuguliwa zilirudishwa zilikotoka zikapakwa upya, kwa sababu titani yenyewe haifi, huvalishwa koti jipya ikarudi kazini. Zilirudi nyeusi, na Maviani ikafanya kazi mpaka mawe ya kijani yalipokwisha, na mimi nikawa mkubwa wa kibanda cha pili, kweli kweli. Lakini siku ya kufunga kreti, Bwana Kioko alitoa wavu mmoja uliong'aa, akampelekea Mama Mbithe pale alipokuwa anafagia. "Huu ni wako, Mama. Mshahara wa ile Jumamosi." Tulicheka wote. Yeye hakucheka. Aliukataa mara mbili, akaupokea ya tatu, akaufunga kwenye leso, akaenda nao nyumbani. Sikuuona tena mpaka siku ya matanga.

Mbithe mwenyewe, yule binti aliyempa mama yake jina, alinikuta pale jikoni nimeukumbatia. Sasa ana mvi. Alitazama jivu lililomwagika, akamtazama mwanawe. "Ulitaka kuusugua?" akamuuliza. "Hukuambiwa?" Msichana akasema wageni ni wengi, aliona aibu, kila kitu kwa nyanya kinang'aa isipokuwa huo. Na ilikuwa kweli! Nikageuka nikatazama ukutani, sufuria zote zimening'inia, hata sasa baada ya kifo chake ungeweza kujitazama humo na kusuka nywele. Mbithe akaniambia, "Shangazi, mama alianika mahindi juu ya huo wavu miaka yote. Kila kitu humu alikisugua Jumamosi, hata mwiko. Huu tu alitukataza. Akisikia mtu ameushika na jivu, anatoka hata kitandani. Alisema ile nyeusi ndiyo mali." Nililia basi, ndiyo, nililia kwa sauti, na akina mama nje wakasema afadhali sasa ametoa. Halafu nikasimama kwa haya magoti yangu, nikaurudisha wavu juu ya mafiga vile vile ulivyo, nikamwambia yule msichana alete sufuria zingine tusugue.